Mashine Kuukuu za Unix Si Takataka

Hukumu imekwisha kutolewa, na inarudiwa kwa maneno yale yale: mtu anayejaza chumba kizima kompyuta za Sun, SGI, NeXT, DEC na HP za miaka ya 1980 na 1990 anakusanya takataka. Anakula nafasi, anachoma umeme, anahangaika kutafuta vipuri vya mashine ambazo hata simu ya bei poa inazipita kwa kila kipimo. Kama ni historia, wanasema, makumbusho yapo. Kama ni programu, zilikwisha kupakiwa kwenye intaneti zamani, na mtu anaweza kuziendesha kwenye kompyuta ya leo bila kushika bisibisi. Basi mashine zenyewe ziende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mwenye nazo atafute shughuli ya maana.

Ninaipinga hukumu hiyo yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaohukumiwa: ninazo mashine hizi nyumbani, ninazifungua, ninazilehemu, ninaziwasha. Lakini hoja yangu haisimami juu ya mapenzi yangu. Inasimama juu ya mambo mawili ambayo yeyote anaweza kuyahakiki. La kwanza, kompyuta za Unix za kipindi kile ndizo zilizozaa karibu kila kitu tunachokitumia leo. La pili, kazi ya kuzitunza zikiwa hai imetupwa na wengi waliokuwa na wajibu nayo, ikaokotwa na watu binafsi majumbani mwao. Anayewadharau watu hao anawadharau walinzi waliobaki langoni baada ya wenye mshahara kuondoka.

Tuanze na hicho kinachoitwa takataka. Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, juu ya mashine ndogo ya PDP-7. Mwaka 1973 kiini chake kiliandikwa upya kwa lugha ya C, na tangu hapo haikuwa tena mateka wa mashine moja. Iliweza kuhamishwa kutoka aina moja ya prosesa hadi nyingine. Ndiyo maana miaka ya 1980 ilipofika, karibu kila kampuni iliyotaka kumuuzia mhandisi kompyuta ya mezani yenye nguvu iliichukua Unix na kuijenga kwa namna yake. Sun ilianzishwa mwaka 1982 na vijana waliotoka vyuo vikuu vya Stanford na Berkeley, na baadaye ikawa na prosesa yake ya SPARC. SGI ikawa na IRIX juu ya prosesa za MIPS. HP ikawa na HP-UX, IBM ikawa na AIX, DEC ikatoa prosesa ya Alpha mwaka 1992. Steve Jobs, alipoondoka Apple mwaka 1985, akaanzisha NeXT.

Sasa tazama kilichotoka humo. NFS, ule utaratibu unaoiwezesha mashine moja kutumia mafaili ya mashine nyingine mtandaoni, ulitoka Sun mwaka 1984. Java ilitoka Sun mwaka 1995. OpenGL, lugha ya michoro ya pande tatu iliyotumika kwenye michezo na programu za uhandisi kwa miongo kadhaa, ilitoka SGI mwaka 1992. XFS, mpangilio wa kuhifadhi mafaili ambao seva nyingi za Linux zinautumia leo, ulianza ndani ya IRIX. Tim Berners-Lee aliandika kivinjari cha kwanza na seva ya kwanza ya wavuti mwaka 1990, pale CERN, Uswisi, kwenye kompyuta ya NeXT ambayo juu yake aliibandika karatasi ya kuwaonya watu wasiizime. Apple walipoinunua NeXT, mfumo wake ukawa msingi wa macOS na baadaye wa iPhone. Android nayo imejengwa juu ya Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akifuata nyayo za Unix. Mtu anayefungua simu janja yake leo, awe Mwanza, Kisumu au Muscat, ameushika mkononi ukoo huu. Mwacha asili ni mtumwa, na asili ya kompyuta ya leo ndiyo hii inayouzwa kwa kilo.

Hoja ambayo wapinzani wanaitegemea kuliko zote ni ya viigizi, yaani programu zinazoifanya kompyuta ya leo ijifanye mashine ya zamani. Viigizi mimi sivipingi. SIMH, iliyoanzishwa na Bob Supnik aliyekuwa mhandisi wa DEC, imefufua mifumo ambayo watu walidhani imekwisha kuzikwa. QEMU inaweza kuiigiza SPARCstation ya Sun kiasi cha kuendesha mfumo wa zamani wa Solaris juu yake. Ni kazi njema, nami ninazitumia. Lakini kiigizi hakishuki kutoka mbinguni. Anayekiandika anahitaji nakala ya programu iliyochomwa ndani ya chipu za mashine halisi. Anahitaji kujua mashine halisi inajibu nini inapopewa amri ambayo kitabu cha mtengenezaji hakikuieleza, au kilieleza vibaya. Kila akikwama, anarudi kupima kwenye chuma chenyewe. Chuma hicho kikishayeyushwa, swali lake halina wa kulijibu tena.

Kwa mashine za SGI hali ni ngumu zaidi. Nguvu zake zilikuwa kwenye bodi za michoro zilizobuniwa kwa siri, zikaendeshwa na mfumo wa IRIX ambao msimbo wake haukuwahi kufunguliwa wote kwa umma. Kampuni ilifilisika mwaka 2009 na mali yake ikauzwa. Hakuna kiigizi kinachoirudisha mashine ya Onyx yenye bodi ya michoro ya RealityEngine kama ilivyokuwa, pamoja na kasi yake, picha yake na tabia zake. Programu nyingi za filamu, za utafiti wa mafuta, za tiba na za urubani ziliandikwa kwa ajili ya mashine hizo. Anayetaka kuona zilivyofanya kazi hana pengine pa kwenda ila kwenye mashine yenyewe, na mara nyingi mashine yenyewe imo ndani ya gereji ya mtu.

Wengine wanajibu: sawa, lakini mafaili yote muhimu yapo kwenye intaneti. Hayapo. Mwaka 2013 CERN iliamua kuurudisha ukurasa wa kwanza wa wavuti, ule uliofungua enzi tunayoishi. Ikakuta kwamba matoleo ya mwanzo yaliandikwa juu kwa juu mpaka yakatoweka, kwani wakati ule hakuna aliyeona haja ya kutunza ukurasa uliokuwa ukibadilishwa kila mara. CERN yenyewe ilikuwa na nakala ya mwaka 1992. Nakala ya 1991 ilitoka kwa Paul Jones wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Alikuwa amepewa na Berners-Lee mwenyewe, na alikuwa bado anaitunza kwenye kompyuta yake ya NeXT. Tafakari hilo: taasisi iliyozaa wavuti ilipitwa na mtu mmoja ambaye hakuitupa mashine yake kuukuu.

Ushahidi mwingine ni wa juzi. Mwaka 2025, katika Chuo Kikuu cha Utah, watu waliokuwa wakisafisha stoo walikuta tepu ya sumaku yenye maandishi ya mkono yanayosema ni Unix toleo la nne kutoka Bell. Toleo hilo la 1973 ndilo la kwanza ambalo kiini chake kiliandikwa kwa C, na nakala kamili ilikuwa imepotea duniani. Kilichobaki kilikuwa vipande na kitabu cha maelekezo. Tepu ilipelekwa Computer History Museum, California, ikasomwa mwezi Desemba mwaka huo huo, na mfumo ukawaka tena baada ya zaidi ya nusu karne. Ilisomeka kwa sababu wapo watu waliotunza vifaa vya kusomea tepu za aina hiyo, wakaandika programu za kutafsiri alama dhaifu za sumaku, wakajua cha kufanya. Laiti aliyeingia stoo ile angekuwa na mawazo ya wanaotuhukumu, tepu ingeishia kwenye pipa la taka, na leo tungekuwa tunaambiwa kwamba kila kilicho muhimu kipo kwenye intaneti.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa karibu, maana wengi wanaoiita mchezo hawajawahi kuiona ikifanyika. Chukua SPARCstation IPX, kompyuta ya Sun ya mwaka 1991, kasha dogo la mraba ambalo mtu analibeba kwapani. Kwenye madabodi yake kuna chipu moja nyeusi, nene kuliko wenzake, iliyoandikwa M48T02. Ndani ya chipu hiyo mna saa, mna kumbukumbu ndogo, na mna betri ya lithiamu iliyozikwa ndani ya gundi ngumu kama jiwe. Betri hiyo ilikadiriwa kuishi miaka kama 10. Leo karibu zote zimekufa. Inapokufa, mashine inasahau ni nani. Ukiiwasha inaonya kwamba kitambulisho chake si halali, anwani yake ya Etheneti inakuwa ff:ff:ff:ff:ff:ff, na kujiunga na mtandao inashindwa. Asiyejua akiliona onyo hilo anasema mashine imekufa, na safari ya kwenda kwa wauza chakavu inaanza hapo.

Mashine haijafa. Anayejua anaikwangua ile gundi polepole kwa tupa nyembamba, upande wenye ncha za betri, mpaka vijitokeze vipande viwili vidogo vya chuma. Anaikata njia ya betri iliyokufa. Analehemu nyaya mbili, na mwisho wa nyaya anaweka kishikio cha betri ya CR2032, hii hii ya volti 3 inayouzwa kwenye kila duka la saa. Kisha anawasha, anabonyeza kitufe cha Stop pamoja na A, na skrini inamtolea neno ok. Hapo yumo ndani ya OpenBoot, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Forth na kuhifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Anaingiza baiti za kitambulisho moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni 01. Ya pili ni 57, namba ya ukoo wa IPX. Zinafuata za anwani ya Etheneti, ambazo kwa Sun zinaanza na 08:00:20, kisha tarehe, kisha namba ya mashine, na mwisho baiti ya uhakiki inayopatikana kwa kuzikokotoa zote zilizotangulia. Akikosea baiti moja, mashine inamkatalia. Akipatia, inajitambua tena na kuingia mtandaoni. Na hili si pambo: programu nyingi za gharama kubwa za wakati ule zilifungiwa leseni kwa namba hiyo ya mashine. Namba isiporudi, programu haifunguki, na kazi iliyofanywa kwa programu hiyo inabaki imefungwa pamoja nayo.

Utaratibu huo haufundishwi katika chuo chochote nikijuacho. Sun yenyewe haipo. Oracle iliinunua mwaka 2010. Ulikusanywa na watumiaji, ukapimwa, ukasahihishwa, ukarithishwa. Na huo ni mmoja tu. Ipo mikanda ya mpira ndani ya tepu ndogo za QIC ambayo huoza na kukatika, hivyo lazima ibadilishwe kabla tepu haijasomwa hata mara moja. Zipo kapasita zinazovuja maji yenye sumu na kula njia za shaba kwenye bodi za pawa saplai. Zipo diski za SCSI zinazokwama, ambazo siku hizi huwekewa mbadala wa kadi ya kumbukumbu iliyobuniwa na wapenzi hawa hawa. Ipo mausi ya Sun ya mwanga ambayo haitembei mpaka iwekwe juu ya bamba lake la chuma lenye mistari, na bamba hilo likipotea mausi nzima haina kazi. Maarifa haya yamo mikononi na vichwani. Yanaishi kwa kufanywa. Ukiondoa mashine, kizazi kijacho kitabaki na maelezo ya kazi ambayo hakuna awezaye tena kuifanya.

Hoja ya makumbusho inasikika ya heshima, lakini haina nguvu inayodhaniwa. Makumbusho ninayaheshimu. Computer History Museum imeokoa mengi. The National Museum of Computing, pale Bletchley Park nchini Uingereza, inawasha mashine zake mbele ya wageni. Lakini makumbusho yana nafasi yenye mpaka, na yanachagua. Yanahitaji mashine moja ya kuonyesha. Hayahitaji nyingine tano za kutoa vipuri, na bila hizo tano ile moja haitawaka tena baada ya miaka 20. Mengi yanaiweka nyuma ya kioo ikiwa imezimwa. Kompyuta iliyozimwa nyuma ya kioo ni kasha tu. Mgeni anaona rangi ya plastiki, haoni kile kilichowafanya wahandisi waitolee maelfu ya dola.

Tena makumbusho nayo hufa. Mjini Seattle palikuwa na Living Computers, makumbusho ya Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012. Yalikuwa makumbusho ya kipekee: mgeni aliruhusiwa kukaa mbele ya mashine ya kihistoria na kuitumia, na wataalamu waliajiriwa kuzirudishia uhai mashine za DEC na nyinginezo. Allen alifariki mwaka 2018. Milango ikafungwa mwaka 2020 wakati wa korona. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba haitafunguliwa tena, na mashine kadhaa zikapigwa mnada na Christie's. Fedha zilikuwepo, jengo lilikuwepo, mafundi walikuwepo, na bado haikutosha, kwa sababu mkusanyiko wote ulikuwa chini ya uamuzi wa ofisi moja. Mkusanyiko uliotawanyika katika nyumba mia haufi kwa mnada mmoja. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa umeme. Hapa wapinzani wetu hupandisha sauti, kwa hiyo tuwape mfano ulio wazi. Mwezi Januari 2014 mradi wa OpenBSD, mfumo huria wa ukoo wa Unix, ulitangaza kwamba unahitaji dola 20,000 za kulipia umeme, la sivyo ungeweza kufungwa. Mashine zake za kujengea programu, zikiwemo za zamani za aina nyingi, zilikuwa nyumbani kwa mwanzilishi wake, Theo de Raadt, mjini Calgary, Kanada. Wakosoaji wakaja juu: zimeni hizo takataka, tumieni viigizi, ni nani anayehitaji mashine za namna hiyo leo?

Jibu ni kila mtu, ingawa wengi hawajui. Prosesa za kawaida za leo zinavumilia makosa fulani ya waandishi wa programu. Ukisoma namba kutoka mahali ambapo haikupangwa sawasawa kwenye kumbukumbu, Intel inanyamaza na kuendelea. SPARC inasimamisha programu papo hapo. Mpangilio wa baiti nao unatofautiana: SPARC huweka baiti kubwa mbele, Intel huiweka nyuma, na programu iliyoandikwa kwa kubahatisha itatoa jibu lisilo sahihi ikihamishwa. Kasoro inayojificha kwa miaka kwenye mashine ya aina moja hujitokeza siku ya kwanza kwenye mashine ya aina nyingine. Ndiyo maana OpenBSD wanajenga mfumo wao kwenye mashine halisi za kila aina wanayoitegemeza. Na hao ndio walioipa dunia OpenSSH mwaka 1999, programu ambayo wasimamizi wa seva kote duniani huitumia kuingia kwenye mashine zao kwa usalama. Benki yako, chuo chako na mtoa huduma wako wa intaneti wanategemea kazi ya watu walioambiwa wazime mashine zao kwa kuwa zinakula umeme.

Mtunzaji wa kawaida hafiki hata huko. Hawashi mashine 20 usiku na mchana. Anawasha moja anapofanya kazi nayo, kisha anaizima, na mashine iliyozimwa haili umeme. Kama mtu ana uchungu wa kweli na mazingira, atazame kwingine. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mlima huo haukujengwa na mtu aliyeitunza SPARCstation kwa miaka 30. Umejengwa na desturi ya kutupa kifaa kizima kwa sababu ya betri iliyochoka au skrini iliyopasuka. Mtunzaji anafanya kinyume kabisa: anabadilisha kapasita ya senti chache na kifaa kinaendelea kuishi. Fundi wa simu wa Kariakoo au wa Luthuli anayajua maadili hayo vizuri kuliko wanaharakati wengi wa mezani.

Husemwa pia kwamba yote haya hayafundishi kitu, kwamba ni kung'ang'ania ujana uliopita. Wanaosema hivyo hawajui Unix yenyewe ilivyosambaa. Mwalimu John Lions, wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, aliandika mwaka 1977 kitabu cha ufafanuzi wa toleo la sita la Unix kwa ajili ya wanafunzi wake. Kiini kizima cha mfumo kilikuwa na mistari isiyofika 10,000. Mwanafunzi mmoja aliweza kukisoma chote na kukielewa. Wenye haki za Unix walipobana usambazaji wa kitabu hicho, wanafunzi na wahandisi walikitoa nakala kwa mashine za fotokopi na kupeana mkono kwa mkono kwa karibu miaka 20, hadi kilipochapishwa rasmi mwaka 1996. Kizazi kizima cha watengenezaji wa mifumo kilisomea humo. Unix haikufika hapa kwa hisani ya makampuni peke yake. Ilifika pia kwa watu binafsi waliokataa kuiacha ipotee, na watunzaji wa leo ni warithi wao halali.

Faida hiyo ya elimu bado ipo. Kijana anayejifunza kompyuta leo anakabidhiwa mrundikano wa tabaka juu ya tabaka ambao hata mwalimu wake hawezi kuufikia chini. Mpe mashine ya Unix ya 1991 na atafika chini: ataiona programu ya kuwashia ikizungumza naye, ataona kiini kikipakiwa, ataona diski ikiungwa, atajua kila programu inayoendeshwa na sababu yake. Zamani alihitaji kuajiriwa na kampuni kubwa ili aruhusiwe kuigusa mashine hiyo. Leo mtunzaji anamkaribisha, anamwekea kibodi mbele, anamwambia aanze.

Inabaki hoja moja yenye uzito wa kweli, nami sitaikwepa. Mkusanyiko wa mtu binafsi uko hatarini siku mwenyewe anapofariki. Warithi hawajui kilichomo, gari la taka linaitwa, na kazi ya miaka mingi inakwisha kwa asubuhi moja. Hilo hutokea. Lakini hoja hiyo inatudai tufanye kazi hii vizuri zaidi, haitudai tuiache. Kila mtunzaji na aandike orodha ya alivyo navyo, abandike jina na hali juu ya kila mashine, na aeleze kwa maandishi nani apewe. Kila diski inayosomeka inakiliwe sasa, si mwakani, na nakala zipelekwe kwa watu wengine na kwa hifadhi za pamoja kama ile ya Unix Heritage Society, iliyoanzishwa na Warren Toomey wa Australia. Hifadhi hiyo imekuwa ikikusanya matoleo ya kale ya Unix tangu miaka ya 1990. Mwaka 2002 kampuni ya Caldera ilikubali matoleo hayo ya mwanzo yatolewe kwa leseni huru, na ilikubali kwa sababu walikuwepo watu waliodai na waliokuwa na kitu cha kutunza. Anayeficha mashine zake asimwonyeshe mtu, wala asinakili chochote, huyo kweli anastahili lawama. Wengi wetu hatuko hivyo.

Nina ombi kwa wasomaji walio ofisini. Mabenki, kampuni za simu, vyuo vikuu na mashirika ya umma, Afrika Mashariki kama kwingineko, viliendesha kazi zao kwa miaka mingi juu ya seva za Sun, IBM na HP. Mwishoni mwa mwaka 2025 watengenezaji walisitisha huduma kamili kwa HP-UX, na mashine za mwisho za enzi hii zinaendelea kutolewa kwenye vyumba vya seva. Kabla hujasaini karatasi ya kuziuza kwa kilo, ondoa au futa diski zenye siri za wateja, kisha uliza kwanza kama yupo mtu anayezihitaji. Usivitupe vitabu vyake. Usizitupe tepu na sidii za mfumo wake, wala kibodi na nyaya zake, kwani hivyo ndivyo vinavyokuwa adimu kuliko mashine. Mwite aliyeisimamia seva hiyo miaka ile, akiwa bado yu hai na anakumbuka, umwombe aandike alivyoiendesha. Na kama una jirani mwenye chumba kilichojaa mashine hizi, usimwite mkusanya takataka. Mwombe akuwashie moja.